Msala wa nyanya una msalaba: je, niuchome?

*"Assalaam aleikum mwalimu. Nyanya yangu, mtu wa Faza kule kisiwani Pate, alifariki mwaka jana akaniachia msala wa ukili, yaani wa kanda za miyaa zilizosukwa na kushonwa pamoja, aliousuka kwa mkono wake. Una nakshi nyekundu na nyeusi, nami nimeusalia tangu nikiwa msichana. Juzi shemeji alikuja kwetu Kisauni, akauinua, akasema nakshi zile ni misalaba, ati nyanya alighilibiwa na wamishonari bila kujua, na msala lazima uchomwe. Akaendelea kusema msalaba asili yake ni waabudu jua, ndiyo maana jirani yetu Banyani ana msalaba wa Hitler mlangoni mwa duka, na ndiyo maana Waarabu waliukataa Msalaba Mwekundu wakaweka mwezi. Mume wangu amenyamaza. Mimi usingizi hauji. Msalaba ni wa nani hasa? Na huu msala niufanye nini? Nimekutumia picha."*

Wa aleikum salaam, dada. Jambo la kwanza: usichome kitu. Kilichochomwa hakirudi, na hakuna linalokuharakisha. Ukiona uzito kuusalia kwa sasa, uweke kando, tandika mwingine, kisha tuzungumze.

Nikisoma barua yako naona maswali mawili yamefungwa kifundo kimoja. La kwanza ni la historia: umbo hili limetoka wapi, na je, kila linapoonekana ni alama ya Wakristo? Hilo ni langu, maana nimezeeka nikishughulika na vitu vya kale. La pili ni la dini: je, inafaa kusalia juu ya kitu chenye umbo hilo? Hilo lina wenyewe, na nitakuelekeza kwao. Nitakachoweza ni kukupa maelezo ya kuwapelekea, ili wasijibu swali ambalo si lako.

Tuanze na picha uliyonitumia, maana msala wenyewe unasema mengi kuliko shemeji na mimi. Wewe umeona bibi yako akisuka, kwa hiyo unajua: miyaa, yale majani ya mkindu yaliyochanwa, hupishana, huu juu huu chini, na mwaa uliotiwa rangi ukitokeza juu huonekana kama kijisanduku, ukizama haupo. Msusi hana kalamu. Hawezi kuchora duara, ua wala herufi yenye mkunjo. Anachoweza ni kupanda ngazi na kushuka ngazi. Sasa jaribu mwenyewe kwenye karatasi ya hesabu ya mwanao: paka rangi kisanduku kimoja, kisha vinne vinavyokigusa ubavuni. Umepata nini? Alama ya kujumlisha. Ndiyo nakshi ya kwanza kabisa ambayo mkono wa msusi unaipata baada ya mstari na pembe nne, na utaikuta kwenye vikapu, vipepeo vya kupepea na mazulia ya kila taifa linalosuka, wawe wamewahi kusikia habari za Yesu au hawajawahi.

Tena angalia upande wa kulia, karibu na ukingo. Pale ukili mmoja ulipoisha na mwingine ukashonewa, nakshi mbili zimekatwa nusu. Chini kidogo miyaa myekundu ilimwishia, akamalizia kwa nyeusi, kwa hiyo "msalaba" mmoja una mkono wa rangi tofauti. Mkristo anayeutukuza msalaba haukati katikati ili ukili utoshe, na Mwislamu anayeuona msalaba hausuki kwenye msala wake. Nyanya yako alikuwa akihesabu miyaa. Hicho ndicho ninachokisoma mimi pale.

Lakini shemeji naye tusimfanye mjinga. Hofu yake ina mizizi, na mizizi hiyo iko hapahapa Mombasa. Msalaba ulipoingia katika bandari hii mwaka 1498 ulikuja juu ya tanga la Vasco da Gama, ule msalaba mwekundu wa Shirika la Kristo la Ureno, na chini ya tanga palikuwa na mizinga. Kule Malindi Wareno walisimamisha nguzo yenye msalaba wa mawe yaliyotoka Ureno. Mpaka leo ipo, watalii wanapiga picha. Mombasa ilitekwa na kuporwa mwaka 1505, ikaporwa tena 1528, kisha mwaka 1593 ngome ikaanza kujengwa na kupewa jina la Yesu mwenyewe. Kuna kisa cha Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa hapa, ambaye baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, naye akapelekwa Goa, koloni lao huko India, akiwa mtoto, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala kama Mkristo. Agosti 1631 akaingia ngomeni, akamuua kapteni wa Kireno, akarudi katika Uislamu, akaua na Wakristo waliokataa kusilimu. Kwa hiyo mtu wa Mji wa Kale akiuona msalaba na moyo ukamshtuka, mshtuko huo una miaka mia tano.

Sasa vuka daraja la Nyali. Pale Kengeleni, ile kengele unayoipita ukiwa kwenye matatu ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya biashara ya utumwa. Kwa wazee wale msalaba ulikuwa alama ya siku mnyororo ulipofunguliwa. Mji mmoja, umbo moja, mkondo wa maji tu katikati, na kumbukumbu hizo mbili hazijawahi kukaa baraza moja zikazungumza. Nikikuambia msalaba "una maana fulani", lazima uniulize kwanza: kwa nani, na upande gani wa daraja?

Haya, na kwa Wakristo wenyewe je? Hapa watu wengi hukosea, na Wakristo wamo. Hudhani msalaba ulikuwa alama yao tangu siku ya kwanza. Sivyo. Kwa Warumi msalaba ulikuwa chombo cha kuulia watumwa na waasi, adhabu ya aibu iliyofanywa hadharani. Hebu fikiria mtu leo avae shingoni kitanzi cha dhahabu. Wakristo wa mwanzo walipenda zaidi kuchora samaki au nanga. Mojawapo ya michoro ya zamani kabisa inayojulikana ya Yesu msalabani, iliyokwaruzwa ukutani huko Roma yapata mwaka 200, si ya muumini. Ni ya mtu wa dhihaka: amechora mtu mwenye kichwa cha punda msalabani, na kando yake ameandika kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Mambo yaligeuka karne ya 4, baada ya Kaisari Konstantino kuupendelea Ukristo na adhabu ile ya kusulubu kukomeshwa. Kilipoacha kuua watu, ndipo kikaweza kuwa pambo.

Na karne hiyohiyo, jirani zetu wa Aksum, Ethiopia ya leo, chini ya mfalme Ezana walianza kupiga sarafu zenye msalaba, miongoni mwa za kwanza kabisa duniani. Kwa hiyo hata anayesema msalaba Afrika ni mali ya Mzungu amekosea kwa zaidi ya miaka elfu moja. Waethiopia mpaka leo husherehekea Meskel kila mwisho wa Septemba, na misalaba yao ya shaba na fedha imetobolewatobolewa kama kimia, huwezi kuifananisha na ile ya Wareno.

Sasa nikupeleke kwa Waislamu wenzetu, maana naona hapa ndipo moyo wako ulipo. Watuareg wa jangwa la Sahara, Waislamu kwa karne nyingi, wana pambo la fedha linaloitwa msalaba wa Agadez, kwa jina la mji wao huko Niger. Lina ncha nne na tundu juu. Husimuliwa kwamba baba humvisha mwanawe na kumwambia anampa pande nne za dunia, kwa kuwa hajui atafia upande gani. Msafiri wa jangwani anahitaji nini zaidi ya hicho? Na lililo muhimu ni hili: neno "msalaba" ni la Wazungu waliokuja kuliona. Wao walikuwa na jina lao tangu zamani. Mara nyingi jina la mgeni hubandikwa juu ya umbo, kisha umbo likashtakiwa kwa jina ambalo halikulichagua. Naogopa msala wako umepata mkasa huohuo: ulikuwa nakshi miaka yote hiyo, ukawa misalaba siku shemeji alipoinua kidole.

Kongo nako, upande wa Atlantiki, kabla Wareno hawajafika mwaka 1483 watu walikuwa na mistari miwili iliyopishana ndani ya duara. Ncha nne zilikuwa vituo vya jua: mawio, adhuhuri, machweo na usiku wa manane. Mstari wa kulala ulikuwa kalunga, maji yanayotenganisha walio hai na waliokufa. Mfalme wao alipobatizwa mwaka 1491 na misalaba kusimamishwa, mapadre waliona watu wameipokea imani, na watu waliona wageni wameileta alama yao nyumbani. Kila mmoja akatabasamu kwa sababu yake. Na Katanga, shaba ilimiminwa katika umbo la msalaba ikawa fedha ya kununulia vitu. Hapo hapana sala yoyote. Ni soko tu.

Nimefika kwenye dai la waabudu jua. Liangalie kwa makini, kwa sababu lina chembe ya ukweli iliyovalishwa kanzu ya uongo. Ni kweli maumbo ya msalaba yalikuwepo kabla ya Ukristo, nimekutajia. Misri ya kale walikuwa na alama ya uhai yenye kitanzi juu, na Wakristo wa Kikopti wakaipokea na kuitumia kama msalaba. Lakini kutoka hapo kusema misalaba yote ina mama mmoja, mungu fulani wa jua wa Babeli, ni kuruka hatua. Madai hayo yalienezwa na vijitabu vya mabishano vya karne ya 19, vilivyoandikwa na Waprotestanti wakiwashambulia Wakatoliki, na sasa yanazunguka kwenye WhatsApp yakiwa hayajui yalikotoka. Mistari miwili ikipishana ni jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu hulifanya kwa mkaa ukutani. Kufanana si undugu. Mimi nimewahi kuitwa na mtu sokoni Marikiti kwa jina la mjomba wake, na hatuna nasaba.

Jirani yako Banyani nakuomba umtoe kwenye kesi hii haraka. Ile alama mlangoni mwake, yenye mikono minne iliyokunjwa, jina lake ni svastika, neno la Kisanskriti lenye maana ya heri na ustawi. Imekutwa kwenye mihuri ya bonde la mto Indus yenye zaidi ya miaka 4000. Wahindu huipaka kwa unga mwekundu kizingitini, na wafanyabiashara wa Kigujarati huichora kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la hesabu wakati wa Diwali, kama sisi tunavyoanza na Bismillahi. Kwa Wajaini, wenye hekalu lao pale Langoni, mikono minne ni hali nne ambazo roho yaweza kuzaliwa: mbinguni, kwa binadamu, kwa wanyama na mimea, na motoni. Chama cha Hitler kiliichukua mwaka 1920, na 1935 ikawa bendera ya Ujerumani: nyeusi, imeinamishwa, ndani ya duara jeupe juu ya nyekundu. Ukiona mpangilio huo, ogopa, ni alama ya wauaji. Ukiiona nyekundu imekaa wima na nukta nne kizingitini mwa duka la nguo, mwenye duka anakuombea kheri uingie ununue.

Na Msalaba Mwekundu: shemeji amekaribia ila amekosea wahusika. Alama ile ilikubaliwa katika Mkataba wa Geneva wa 1864 ili askari wajue nani wasimpige risasi, na maelezo yanayotambulika rasmi ni kwamba ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, kwa kuiheshimu nchi hiyo. Waliotaka mwezi hawakuwa Waarabu. Ni Waturuki wa dola ya Uthmaniya, mwaka 1876 vita na Warusi vilipokuwa vinakaribia, kwa kuwa askari wao waliuona msalaba kama wa adui. Tazama basi: walioiweka walisema si ya dini, walioitazama wakaona dini, na pande zote mbili zilisema kweli. Mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, kito chekundu, kwa wasiotaka hii wala ile. (Kwa kuwa tumefika hapo: duka la dawa lililochora msalaba mwekundu kwenye bango lake halina ruhusa hiyo. Alama ile inalindwa kisheria. Wachore wa kijani.)

Hata neno lenyewe lina kisa. "Msalaba" hatukulipata kwa Wareno wala kwa wamishonari. Mzizi wake ni wa Kiarabu, swadi, lamu na bai, uleule uliomo katika Sura ya 4 aya ya 157 inayosema hawakumuua Isa wala hawakumsulubu. Na herufi hizohizo zinabeba maana ya ugumu na nguvu, ndiyo maana kazi ngumu ya kifungoni huitwa kazi ya sulubu. Kwa hiyo watu wa pwani hii walijua neno hili kutokana na Qur'ani, na walilijua kama jambo linalokanushwa. Msusi wa Faza hakuhitaji mmishonari wa kumfundisha msalaba ni nini. Alijua. Ndiyo maana nasema hakuusuka.

Sasa nakuja kwenye mpaka wa elimu yangu. Shemeji akitaja Hadithi, huenda anakusudia ile ya Bibi Aisha iliyopokewa na Bukhari, kwamba Mtume hakuwa akiacha nyumbani kwake kitu chenye misalaba ila akiondoa. Hiyo ipo, na mtu akiichukua kwa uzito hana kosa. Lakini wako wanazuoni waliotofautisha baina ya msalaba unaojulikana kuwa ni msalaba na umbo lililotokea tu kwa mistari kupishana, kama dirisha au hesabu ya kujumlisha. Msala wako uko upande gani, hilo mpelekee sheikh unayemwamini. Nenda na msala wenyewe, si picha ya simu, na umwonyeshe pale ukili ulipokatwa. Nenda na mumeo pia. Kunyamaza kwake huenda ni kwa sababu hataki kuchagua kati yako na ndugu yake, na mbele ya sheikh hatalazimika kuchagua.

Ukiniuliza mimi kama mzee wako, naona hoja nyingine yenye nguvu kuliko ya msalaba. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume aliwahi kusali na vazi lenye nakshi, likamshughulisha, akaamuru lipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe lisilo na nakshi. Baada ya maneno ya shemeji, ukisujudu leo unaona nini? Kama jicho sasa linahesabu misalaba badala ya moyo kuwa kwa Mola, basi tandika msala mtupu, na wala si kwa kuwa nyanya alikosea. Huu unaweza kuutundika chumbani, au kuutia sandukuni hadi fikira zitulie. Kuupa makumbusho pia inawezekana, ila sikushauri uanzie hapo. Kitu kikiingia stoo ya makumbusho, wajukuu wako wataomba ruhusa kukiona. Kuufumua nakshi usijaribu kabisa, ukili utaachana.

Jambo moja nakusihi ulifanye wiki hii. Nakshi za ukili zina majina, kama leso zilivyo na majina. Kama kuna mama mkubwa au shangazi aliyebaki Faza, mpigie, umweleze nakshi ilivyo, umuulize inaitwaje. Akikutajia jina la samaki, la jani au la ngazi, shemeji atakuwa amepata jibu kutoka kwa wenye nakshi, na uandike jina hilo nyuma ya picha.

Naona pia kwenye pembe ya chini miyaa imeanza kuliwa na wadudu. Hilo lisubiri kidogo tu: wahifadhi wa makumbusho pale Fort Jesus wanaweza kuutazama na kukuambia la kufanya. Ukiupeleka, uviringishe na upande wa nakshi ukiwa nje, usiukunje kama leso. Miyaa ya umri huo ikikunjwa hukatika palepale kwenye mkunjo, na haishoneki tena.